Mkono wa Msusi

Ukivuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji kwa njia ya Lindi, Chumbi haiko mbali. Huko bado wapo akina mama wanaosuka mikeka ya ukindu, na ukijaliwa kuwakuta siku ya kutia rangi, kaa utazame.

Nilimkuta bibi mmoja ameinjika sufuria, rangi ya zambarau inatokota. Ukindu alikwisha kuuchana na kuuanika hadi ukawa mweupe. Akatumbukiza fungu la kwanza. Likatoka limekolea, karibu na weusi. La pili likatoka zambarau yenyewe. Maji yakazidi kuchoka, na fungu la mwisho likapata rangi ya mbali, kama ua la mbilingani. Nikamwambia, “Bibi, rangi imekwisha, ongeza.” Akanijibu, “Haijaisha, mwanangu. Hiyo ndiyo ya kupambia.” Alipokaa kusuka, ule ukindu hafifu akaupitisha kandokando ya uliokolea, na nakshi ya ukili ikaonekana kuinuka. Hakuchora wala hakupima. Macho na vidole tu.

Zamani hata rangi yenyewe ilitoka porini: magome ya mkandaa kwa wekundu, mdaa kwa weusi. Siku hizi hununuliwa dukani, ila ujuzi wa maji ni uleule.

Kwingine fundi wa rangi hujulikana kwa jina lake. Huko Marekani alikuwapo mtu wa kabila la Waapache, Allan Houser, aliyezaliwa 1914 akafariki 1994. Kabla ya kusifika kwa uchongaji alichora kwa rangi za kuchanganywa na maji, akionyesha maisha ya watu wake. Kazi zake zimo katika makumbusho, na jina lake linatajwa popote zinapotazamwa. Ni haki yake. Lakini kazi ya bibi wa Chumbi ikifika Dar es Salaam huitwa mkeka wa Rufiji, basi. Kijijini ukitandikwa harusini au msibani, wenzake huutambua mara moja: “Huu mkono wa mama fulani.” Mjini hakuna anayeuona mkono huo. Tunautandaza kando ya mikeka ya plastiki inayofanana yote, kisha tunalalamika kwamba wa ukindu ni ghali.

Nawe msomaji, ukisimama Ikwiriri au Kibiti kununua mkeka, muulize muuzaji nani kausuka. Asipojua, mwombe aulize. Na bei ya msusi usiipunguze.