Bob Dorough na Wimbo wa Tatu

Tuliokariri jedwali la kuzidisha darasa zima kwa sauti moja hatuhitaji kuelezwa kwamba namba zina mapigo yake. Bob Dorough, mpiga piano wa jazi aliyezaliwa Arkansas mwaka 1923, aliyafanyia kazi mapigo hayo.

Hakuwa na jina kubwa. Albamu yake ya kwanza, *Devil May Care*, ilitoka mwaka 1956. Mwaka 1962 mpiga tarumbeta Miles Davis, ambaye kwa nadra alirekodi na waimbaji, alimwita studio. Sauti ya Dorough ilikuwa nyembamba, ya puani, yenye lafudhi ya Kusini. Haikumtikisa mtu, ila hakuna silabi iliyopotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, David McCall, bosi wa kampuni ya matangazo New York, aliona mwanawe anashindwa jedwali la kuzidisha ilhali nyimbo za roki anazijua zote, akataka jedwali hilo ligeuzwe kuwa nyimbo. Mpiga besi Ben Tucker akampendekeza Dorough, naye akapewa sharti moja: usiwaimbie watoto kama wajinga.

Sikiliza wimbo wa namba tatu. Mtunzi mvivu angezipanga namba kwa vina, basi. Dorough aliziangalia kwanza. Katika kumi la kwanza mafungu ya tatu huja mara tatu: 3, 6, 9. Kumi la pili hivyo hivyo: 12, 15, 18. La tatu: 21, 24, 27, kisha 30 inafunga hesabu bila baki. Wimbo unayapita makumi hayo moja moja, halafu unageuka na kushuka kutoka 30. Anayeuimba amekwisha kuona namba zinavyokaa, na wala hajui kama anafundishwa. Piano nayo haijioneshi. Inatembea tu chini ya maneno.

Wimbo wa namba nane alimpa mwimbaji Blossom Dearie na sauti yake ya kitoto. Kwa kumi na mbili akabuni kiumbe mwenye vidole sita kila mkono, anayehesabu kwa kumi na mbili badala ya kumi. Huo ulikuwa ujasiri, maana hata watu wazima hesabu hiyo huwasumbua.

Televisheni ya ABC ilianza kuzirusha nyimbo hizo mwaka 1973, katikati ya katuni za Jumamosi asubuhi. Mwaka 1989 kundi la rapu la De La Soul lilichukua kiitikio cha wimbo wa tatu na kujenga wimbo wao juu yake. Wao pia walikuwa watatu.