Karani wa Saiti na Daftari Lake

Jengo likikamilika, sifa humwendea mbunifu, mkandarasi na mafundi. Hakuna anayeuliza karani alikuwa nani. Mimi kwenye saiti nyingi nilizopita, kuanzia Dar es Salaam hadi Dodoma, macho yangu huishia kwenye kile kibanda cha mabati karibu na geti, ambako mtu mmoja amekaa na daftari, kikokotoo, mhuri na futi ya chuma. Kazi yake ukiitaja inaonekana nyepesi: kuhakikisha kwamba kilichoingia getini, kilichotoka stoo na kilichosimama ukutani vinalingana. Ugumu wake ni kwamba kwenye saiti hakuna kitu kinachobaki na sura yake. Mwenye duka anapokea mfuko wa simenti na kuuza mfuko wa simenti. Saiti, simenti inageuka kuwa zege, nondo zinafukiwa, mbao za fomuweki zinaishia kuwa kuni za mama ntilie. Kufikia jioni huwezi kuhesabu tena ulichokuwa nacho asubuhi, isipokuwa unajua kulisoma jengo lenyewe.

Tuanzie getini. Tipa ya mchanga imeingia saa moja asubuhi na dereva anaiwahi tripu ya pili. Karatasi yake inasema mita za ujazo 10.

“Dada, nisainie basi. Mzigo umejaa pomoni, si unauona?”

Karani hamjibu. Anapanda kwenye tairi, anamwomba kibarua asawazishe kilele kwa beleshi, kisha anachomeka kijiti chenye alama sehemu tano: pembe nne na katikati. Urefu wa bodi mita 4.2, upana 2.2, kina kwa wastani sentimita 90. Anabonyeza kikokotoo.

“Kaka yangu, mimi napata nane na nukta tatu. Nikuandikie hiyo, au unageuza nao?”

Dereva ananung’unika, anasaini. Hajaitwa mwizi, wala hakuna sauti iliyopanda. Tofauti ni mita 1.7 tu, lakini kwa tripu kumi ni mita 17, yaani tipa mbili nzima za mchanga uliolipiwa bila kushushwa.

Karani aliyekomaa anajua zaidi ya hapo. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, kwa sababu utando wa maji unazitenga punje, na mchanga laini unaweza kuongezeka ujazo kwa robo na hata zaidi. Kwa hiyo tipa iliyopigwa na manyunyu njiani inaweza kuonekana imejaa ilhali mchanga wenyewe ni pungufu. Jaribio lake halihitaji maabara. Anakata shingo ya chupa ya plastiki, anajaza mchanga hadi sentimita 20, anamwaga maji mpaka uloane kabisa, anakoroga na kuuacha utulie. Ukishuka hadi sentimita 16, zile nne zilikuwa hewa. Hapo anajua pia cha kumwambia fomeni, kwa sababu zege inayopimwa kwa ndoo za mchanga wa namna hiyo itapungukiwa mchanga na kula simenti kupita ilivyopangwa.

Kwenye nondo anatumia kanuni ambayo kila fundi chuma anaijua kichwani: kipenyo kwa milimita, mara chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 ina kilo 0.89 kwa mita. Ikiwa na urefu wa mita 12 ni kama kilo 10.7, na tani moja ni vipande 93 au 94. Ikiletwa nondo iliyoandikwa 12 lakini kipimo kinasoma 11, kila kipande kimepungua karibu kilo 1.7. Kwenye vipande 94 hizo ni kilo 160 za chuma ambazo mshitiri amelipia na nguzo hazitazipata. Ndiyo maana karani hodari ana kalipa mfukoni na anamwita injinia kabla mzigo haujashushwa. Hapo hesabu za fedha na usalama wa jengo vimekuwa jambo moja, na yeye ndiye wa kwanza kuliona.

Stoo nako kuna ustadi wake wa kimyakimya. Mifuko ya simenti hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, safu kumi kumi, ili mtu akisimama mlangoni aweze kuhesabu kwa jicho. Ya zamani inatoka kwanza, maana simenti ikikaa sana inashika unyevu na kupoteza nguvu. Kila kinachotoka kinaandikwa: tarehe, idadi, nani amechukua, kimekwenda kufanya kazi gani, salio. Safu ile ya “kazi gani” ndiyo makarani wavivu huiacha wazi, na bila hiyo daftari zima halisemi kitu. Makarani wengine wana desturi nyingine ninayoipenda: kesho hutoi mifuko mipya mpaka mitupu ya leo irudishwe na kuhesabiwa. Mfuko uliotoka mzima nje ya uzio haurudishi ganda lake.

Chukua siku ya kumwaga jamvi la mita 10 kwa 8, unene sentimita 15. Ujazo wake ni mita 12. Zege ya moja kwa mbili kwa nne inakula kama mifuko sita na theluthi ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kazi ile inahitaji mifuko 76, na ukiweka upotevu wa kawaida, 80. Jioni kadi ya stoo inasema imetoka 95. Karani asiyejua zege ataandika 95 na kufunga daftari. Kwake karatasi na stoo vimelingana, kazi imekwisha. Anayejua atachukua futi na kwenda kupima jamvi. Huenda kifusi chini hakikusawazishwa vizuri na unene umefika sentimita 17 au 18, basi mifuko ile imo humo na mwenye kujibu ni msimamizi wa kifusi. Huenda unene ni uleule 15, basi kuna mifuko 15 ya kutafutwa usiku huohuo, kabla habari hazijapoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Saiti imenifundisha kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenye daftari haamki kitini.

Jumamosi ni siku ya mafundi na vibarua. Daftari la mahudhurio limejazwa kila asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana, kwa sababu wapo wanaoitika saa moja na saa nne hawaonekani. Siku zinajumlishwa, advansi ya Jumatano inakatwa, kila mmoja anapata kiasi chake. Halafu linakuja jambo dogo linalomtenganisha mzoefu na mgeni: mchanganuo wa noti. Kibarua mwenye 84,000 anahitaji noti nane za 10,000 na mbili za 2,000. Mwenye 97,000 anahitaji tisa za 10,000, moja ya 5,000 na moja ya 2,000. Karani anaipanga orodha nzima hivyo, anajumlisha kila aina ya noti, na kwenda benki na karatasi inayosema anataka ngapi za kila aina. Mgeni huleta burungutu la elfu kumi kumi, na saa kumi na moja jioni watu sitini wamesimama wakisubiri chenji, wengine wanalipwa wawili wawili wakagawane huko mbele, na Jumatatu inaanza kwa ugomvi. Siku hizi wengi wanalipwa kwa simu, na ustadi umehamia kwingine: kulinganisha namba moja moja na majina ya watu waliofanya kazi kweli, ili kusiwe na kibarua hewa anayepokea mshahara kila wiki.

Fedha ndogondogo za saiti, za misumari, maji, nauli na kurekebisha toroli, zina utaratibu wa zamani usiozeeka. Karani anapewa kiasi kisichobadilika, tuseme 500,000. Wakati wowote ukimvamia, fedha taslimu pamoja na hati za malipo lazima vifike 500,000. Akirudishiwa, anarudishiwa kile tu chenye hati. Utaratibu huu hauhitaji kompyuta, na mwenye kuuheshimu hulala usingizi.

Haya yote yanajifunzwaje? Vyuo vinatoa msingi, na msingi huo ni lazima. Kijana aliyepita Taasisi ya Uhasibu Tanzania au Chuo cha Uhasibu Arusha anakuja anajua debiti na krediti, anajua kulinganisha daftari na taarifa ya benki, na njia ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iko wazi mbele yake. Kisha fundi anafika dirishani: “Karani, nitolee mifuko sita ya lipu.” Sita ni nyingi au kidogo? Lazima ajue kwamba kwa lipu ya milimita 15 na mchanganyiko wa moja kwa nne, mfuko mmoja unafika kama mita tisa za mraba, kisha aulize ukuta gani. Hilo atalijua kwa kusimama karibu na mafundi na kwa kumsumbua mkadiriaji majenzi kwa maswali. Anaanza na kadi za stoo, anaingia mahudhurio, anakabidhiwa fedha ndogo, na mwisho anaruhusiwa kugusa hati za malipo ya mshitiri.

Huko kwenye hati ndiko wahasibu wengi wageni hujikwaa. Kazi ya milioni 100 imethibitishwa, naye anaandika milioni 100 na kufurahi. Mkataba unaweza kuruhusu mshitiri azuie asilimia 10 kama dhamana. Kwa kawaida nusu yake hutolewa kazi ikikamilika na nusu baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro kupita. Kwa hiyo kuna milioni 10 ambazo ni haki ya mkandarasi lakini haziwezi kulipa mshahara wa Jumamosi. Karani makini huziweka ukurasa wake peke yake, pamoja na tarehe ya kuzidai, maana fedha isiyodaiwa kwa wakati husahauliwa na pande zote mbili.

Faida kubwa ya daftari hili huonekana kazi ikiwa imekwisha. Ukigawanya gharama zote za jamvi, yaani simenti, mchanga, kokoto, vibarua na kukodi mikisa, kwa mita zake 12, unapata bei ya mita moja ya zege kama ilivyomgharimu mkandarasi huyu, na watu wake, kwenye udongo ule. Kadhalika mita ya ukuta, mita ya lipu, kilo ya nondo iliyofungwa. Zabuni ijayo ikitangazwa, hana haja ya kunusa jirani ameandika ngapi. Wapo makandarasi wanaoanguka kwa kushinda zabuni, wakiwa wametaja bei inayowatia hasara tangu kozi ya kwanza, na wanaligundua hilo wakati paa limeshapanda. Aliye na karani mzuri anajua kazi ipi aiache ipite.