Uhalisi Si Uhalisia: Picha za Anga za Jacque Njeri

Siku hizi kila picha ya kompyuta inayopendeza macho husemwa ina “uhalisia”. Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuhusu MaaSci, mfululizo wa picha za kidijitali wa mwaka 2017 ambamo msanii Mkenya Jacque Njeri anawapeleka Wamaasai, na mavazi yao na shanga zao, kwenye anga za mbali. Ninazipenda picha hizo. Sifa hiyo ndiyo isiyozifaa.

Katika uhakiki, uhalisia ni mkondo wa sanaa: mtunzi huonyesha jinsi watu wanavyoishi, pamoja na njaa, karo na ugomvi wa mashamba. Uhalisi ni ile hali ya kitu kuwa kama kilivyo. Njeri hana haja na uhalisia, kwani hakuna morani aliyewahi kukanyaga Mirihi. Uhalisi anauhitaji mno. Tusipoiamini ardhi anayosimama Mmaasai, safari yenyewe hatutaiamini.

Na ardhi hiyo huundwaje? Kwa kawaida programu huanza na tufe tupu, likavishwa ngozi yenye rangi, milima na mabonde, kisha likazungushiwa utando wa hewa. Kazi ngumu ni mwanga. Jua ni moja. Basi upande mmoja wa sayari ung’ae, wa pili uzame gizani, na kivuli cha mtu kielekee kule kule kinakoelekea cha mwamba. Anayeunganisha picha za vyanzo mbalimbali akiteleza hapo, mtazamaji hushuku kitu hata kama hawezi kukitaja.

Lakini kuna mtego: mambo ya kweli ya angani hufanana na uongo. Picha nyingi za wanaanga wa Apollo mwezini hazionyeshi nyota, kwa sababu kamera zilirekebishwa kulingana na ardhi iliyomulikwa na jua. Mvuvi wa omena wa Kisegi hatashangaa. Usiku wa giza, aliye ziwani kando ya taa huziona nyota kwa shida kuliko aliyebaki ufuoni. Huko Mirihi nako, mchana anga huwa na rangi ya vumbi, na jua linapotua huzungukwa na buluu. Mchoraji akituonyesha hivyo, si tutamwambia amekosea?

Wapo wanaodai ati Mmaasai angani ni mgeni. Mgeni gani? Kiswahili kina Zuhura, Mshtarii na Zohali, majina tuliyopokea kutoka Kiarabu, na kina kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima. Hoja ya Njeri imo humo, katika nani anayesimama pale. Neno “uhalisia” hutufanya tupime picha tu na kumsahau mtu.

Mimi ningependa kuiona shuka nyekundu mbele ya yale machweo ya buluu.