Bakteria Aliyevuliwa Ganda

Watoto wengi humbeba bakteria aitwaye nimokokasi puani bila kuugua. Akipenya hadi mapafuni, kwenye damu au kwenye utando wa ubongo, ndipo inapokuja nimonia au homa ya uti wa mgongo. Sumu anayo, lakini kinachomwezesha kuishi humo ni ganda la sukari lililomzunguka.

Ganda hilo halimfichi kabisa. Protini za damu ziitwazo komplimenti hulipenya na kujibandika kwenye ukuta wake, ziwe alama kwa seli nyeupe kwamba huyu ni wa kumezwa. Ila alama zimebaki chini na ganda liko juu yake, kwa hiyo seli nyeupe inakuwa kama mtu na embe lililo ng'ambo ya ua wa miiba: lipo, mkono haufiki. Zaidi ya hapo, protini moja ya bakteria huyu, PspC, hunasa faktari H, breki ambayo mwili umejiwekea ili komplimenti isishambulie seli zake wenyewe. Mdudu anajikinga kwa breki ya mwenyeji wake!

Kwamba ganda ndilo linalomlinda, ilithibitishwaje? Wengi watamtaja mtafiti Griffith wa London na panya wake wa mwaka 1928. Jaribio lake lilifungua njia ya kuifahamu DNA, na sifa zake ni za haki. Kwa swali letu, hata hivyo, naona lile la watafiti Avery na Dubos katika Taasisi ya Rockefeller, New York, lina uzito zaidi. Griffith alilinganisha mwenye ganda na asiye nalo, lakini bakteria aliyezaliwa bila ganda huenda akawa dhaifu kwa sababu nyingine kabisa. Ilibidi achukuliwe muuaji yuleyule, avuliwe ganda tu, abaki hai.

René Dubos, Mfaransa aliyebobea katika viumbe wa udongo, alijiuliza: kama sukari hii haiozi, mbona dunia haijajaa nayo? Basi yupo anayeila. Alichukua udongo wa kinamasi cha New Jersey panapolimwa kranberi, akauotesha mahali ambapo chakula pekee kilikuwa sukari ya ganda la nimokokasi wa aina ya 3. Asiyeweza kuila alikufa njaa. Akapatikana bakteria mmoja mwenye kuiweza, na kutoka kwake kikakamuliwa kimeng'enya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1930 na 1931. Ndani ya chupa, kimeng'enya hakikuua nimokokasi hata kidogo; waliendelea kuzaana, uchi. Lakini panya waliodungwa dozi ya kuua walipona, kwa kuwa seli zao nyeupe sasa ziliwameza wavamizi. Dhidi ya aina ya 1 na ya 2, ambazo sukari zao ni tofauti, hakikufua dafu. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachonishawishi zaidi: kilichookoa panya kilikuwa kuondolewa kwa ganda lile mahususi. Dawa ya binadamu hakikuwa. Salfa na baadaye penisilini zilikipita.

Chanjo za leo hufuata njia nyingine: badala ya kuling'oa ganda, huufundisha mwili kutengeneza kingamwili za kulishika lenyewe. Sukari pekee haiamshi vizuri kinga ya watoto walio chini ya miaka 2, maana haiziiti seli T za kinga, hivyo huunganishwa na protini. Kenya ilianza na chanjo ya aina 10 mwaka 2011, na huko Kilifi maambukizi makali ya aina hizo kwa walio chini ya miaka 5 yalipungua kwa asilimia 92.

Maganda yanayojulikana yamepita aina 100, na zisizo kwenye chanjo huhamia pua zilizoachwa wazi. Aina ya 3 ndiyo sugu hasa. Minyororo ya sukari yake haikufungwa imara kwenye ukuta kama ya wenzake wengi, hivyo hubanduka na kuelea kwenye damu, ikinasa kingamwili kabla hazijamfikia bakteria. Imo kwenye chanjo ya aina 13, na bado kinga yake ni hafifu.