Kidole Ndani ya Kitabu

Alikuwako mjini kwetu sheikh mmoja ambaye kila Ramadhani, baada ya sala ya Alasiri, aliegemea nguzo ya msikiti na kuifungua Tafsiri yake ya Jalalaini iliyokwisha kulegea mshono, na sisi vijana, tumbo tupu na macho yakidai usingizi, tulijua kuwa hatatupa maana ya aya hata atwambie kwanza iliteremka wapi, kwa ajili ya nani, na watu wale walikuwa na dukuduku gani mioyoni.

Siku aliyofika penye aya ya Safa na Marwa alikifunga kitabu, kidole cha shahada kikasalia ndani, akatuhadithia habari ya Urwa bin Zubeir na Bibi Aisha, mama yake mdogo. Urwa aliona kwamba, madhali aya yasema si dhambi kwa mwenye kuhiji kuizunguka milima ile miwili, basi asiyeizunguka naye hana lawama. Hoja nyofu, na kwa mwenye kusoma maneno matupu haina kasoro. Bibi Aisha akamrudi: lau hiyo ndiyo maana yake, tamko lingekuja kwamba si dhambi kutoizunguka. Kisha akamfunulia yaliyokuwako: Maansari wa Madina, kabla ya kusilimu, walikuwa wakihirimia kwa ajili ya sanamu la Manata kule Mushallal, na baadaye wakaona uzito kwenda baina ya Safa na Marwa, aya ikawaondolea uzito huo, wala haikuwapa ruhusa ya kuacha.

Hapo sheikh alinyamaza kitambo, kama mchukuzi aliyetua mzigo, ndipo akavuka ng'ambo ya pili: imekuwaje neno lililowajia watu wachache waliotahayari likawa juu ya mahujaji wote, hata sai, yaani mwendo huo baina ya Safa na Marwa, ikahesabiwa nguzo ya Hija katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi? Wanavyuoni wengi wameshika kuwa lizingatiwalo ni ujumla wa tamko, si upekee wa sababu. Lakini ujumla huo, alituonya, haonyeshwi aliyeiruka sababu.

Al-Wahidi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1076, alizikusanyia sababu za kuteremka aya kitabu kizima, na Suyuti, yule yule aliyeikamilisha Jalalaini baada ya Mahalli, akatunga chake. Siku hizi nawaona wasomi wanaoifanya aya kuwa habari ya kale iliyokwisha, na wengine, ambao ndio wengi, wanaoisoma kana kwamba imeshuka jana usiku kwa ajili ya ugomvi wao na jirani.

Ramadhani iliyopita nilikaa penye nguzo ile ile. Kijana mwenye sauti njema aliisoma tafsiri ya aya ya Safa na Marwa kwa kasi, akapita. Mzee aliyekaa kando yangu aliinua mkono kama atakaye kuuliza. Kijana alikuwa keshafika aya ya tatu mbele, na mzee akaushusha mkono wake taratibu juu ya goti.