Nafsi Iliyogawika katika Riwaya za Wahamiaji wa Kifini Nchini Uswidi

Aghalabu nafsi iliyogawika ya mhamiaji huelezwa kama mvutano baina ya nchi mbili: aliyoiacha na iliyompokea. Riwaya za Wafini waliokulia Uswidi haziafikiani na maelezo hayo. Makala haya yanadai kuwa mpasuko unaochorwa humo ni wa lugha na tabaka, na kwamba hudhihirika katika fani sawa na katika maudhui.

Ufini ilitawaliwa na Uswidi hadi 1809, na Kiswidi ndicho kilichokuwa lugha ya utawala na elimu. Soko la pamoja la kazi la nchi za Kaskazini lilipoanzishwa 1954, Wafini wengi waliingia viwanda vya Uswidi, na wimbi hilo likafikia kilele 1969 na 1970. Mfini hakutofautiana na mwenyeji kwa rangi. Kilichomfichua ni jina na ulimi. Aliyetaka kujificha alihitaji kunyamaza tu.

Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Methali hii humlaumu aliyeacha. Antti Jalava, aliyezaliwa Helsinki na kupelekwa Uswidi akiwa mtoto, anaigeuza lawama hiyo katika anwani ya riwaya yake ya 1976, *Jag har inte bett att få komma*, yaani sikuomba kuja. Mtoto hakuacha chochote, alihamishwa.

Susanna Alakoski anaendeleza hoja hiyo katika *Svinalängorna*, iliyoshinda Tuzo ya August mwaka 2006. Msimulizi, Leena, ni mtoto anayeishi katika nyumba za manispaa mjini Ystad, ambazo jina lao la kejeli linazifananisha na mabanda ya nguruwe. Ulevi wa wazazi wake ungeweza kuthibitisha dhana potofu kuhusu Mfini mlevi. Alakoski anauepuka mtego huo kwa kuwaweka mtaani humo pia Waswidi wenye dhiki kama hizo: aibu inakuwa ya tabaka. Hata hivyo, usimulizi wa kitoto una gharama yake, kwani vyanzo vya umaskini huo hubaki nje ya upeo wa msimulizi.

Kifini kilitambuliwa rasmi kuwa lugha ya jamii ndogo nchini Uswidi mwaka 2000. Lakini riwaya hizi ziliandikwa kwa Kiswidi. Ile ya Alakoski iliwafikia wasomaji wa Ufini kwa jina *Sikalat*, katika tafsiri. Hadithi ya binti ilirudi katika lugha ya mama kupitia mkono wa mtu mwingine, na hapo ndipo mgawanyiko wa nafsi unapoonekana waziwazi.