Gazeti Changa na Bei ya Tangazo

Gazeti ni bidhaa iuzwayo mara mbili. Mara ya kwanza huuzwa kwa msomaji, naye hutoa senti zake akachukua karatasi yake. Mara ya pili msomaji mwenyewe ndiye auzwaye: macho yake huhesabiwa pamoja na macho ya maelfu ya wenzake, wakaitwa wenye sabuni, wenye majani ya chai na wenye baiskeli, nao hulipa ili majina ya vitu vyao yapite mbele ya macho hayo. Mauzo ya kwanza huonekana na kila mtu. Mauzo ya pili hufanyika ofisini, na wasomaji wengi hufariki dunia bila ya kujua kuwa waliwahi kutiwa mizanini.

Biashara hii si ya jana. Benjamin Day alipoanzisha The Sun mjini New York mwaka 1833, aliuza kila nakala kwa senti moja, hali magazeti makubwa ya mji ule yaliuzwa kwa senti sita. Mwaka 1836 Émile de Girardin alianzisha La Presse mjini Paris, akatoza wasomaji nusu ya ada iliyozoeleka. Pengo katika hesabu za mabwana hawa lilizibwa na matangazo. Walakini wote wawili walikuwa na miji mikubwa chini ya madirisha yao. Mwanzo mgumu ni wa mtu asiye na mji wa namna hiyo. Mfanyabiashara humwuliza, "Una wasomaji wangapi?" Hana. Wasomaji humwuliza, "Mbona gazeti lako jembamba, tena huchelewa?" Hana fedha. Kila mmoja humngoja mwenzake atangulie, na mhariri yu katikati pamoja na deni la mpiga chapa.

Katika Afrika ya Mashariki sijui mfano wa jambo hili ulio wazi kuliko Kwetu, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam Novemba 1937. Mwenyewe alikuwa Erica Fiah, mtu mwenye asili ya Uganda, mwenye duka, ambaye mwaka 1934 alikuwa ameanzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Mambo Leo lilikuwako tangu 1923, lakini hilo lilikuwa la serikali, na mtoto wa serikali haulizi bei ya maziwa. Kwetu lilikuwa gazeti la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika, na kila toleo lake lilipaswa kujilisha.

Husemwa kuwa mtu kama Fiah alikuwa na kalamu nzuri kuliko hesabu zake. Hukumu hiyo naiona nyepesi. Tazama alikuwa akimwandikia nani. Wasomaji wake walikuwa makarani, walimu na wenye biashara ndogo, watu wa shilingi chache. Na nakala moja ya gazeti mikononi mwa watu kama hao hupita kwa wengi, jambo ambalo ni furaha kwa fikira na hasara kwa kasha la fedha. Biashara kubwa za mji zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na hao ndio aliowalaumu katika kurasa zake. Mtu hawezi kumchapa jirani fimbo asubuhi na kumwomba chumvi jioni. Hivyo mlango ambao Day aliupitia New York, kwa Fiah ulikuwa umefungwa kabla hajaukaribia, na kuufungua kungemgharimu yale yale maneno yaliyolifanya gazeti lake listahili kusomwa.

Hata hivyo simwachi bila lawama. Kwetu halikushika siku zake. Lilitoka kwa vipindi, likakatika, likarudi, hata likakoma mwaka 1951. Msomaji mpenzi huweza kusamehe kuchelewa, kwa sababu fikira njema haiozi. Mtangazaji hasamehe: aliyelipia tangazo la nguo za sikukuu hana haja na gazeti litokalo baada ya sikukuu. Katika sanaa ya gazeti, kalenda ni sehemu ya ufasaha.

Ulinganishe mwendo huo na Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard. Lilizaliwa katika nyumba yenye mitambo ya chapa na wafanyabiashara waliokwisha kuzoea kulipa. Sikatai kuwa liliandikwa vizuri. Nasema tu kwamba paa imara si sifa ya mtoto aliyezaliwa chini yake. Na Mumenyereri, gazeti la Kikikuyu la Henry Muoria, aliyeacha kazi ya reli mwaka 1945 ili aandike, lilifungwa mwaka 1952 kwa amri ya serikali ya kikoloni, wala si kwa kukosa soko. Serikali ina njia nyingine pia zisizohitaji kufuli: Februari 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha matangazo yake katika magazeti ya kibiashara, ikayaelekeza katika MyGov, gazeti lake lenyewe.

Kijana wa leo ataniambia kuwa haya ni ya kale, kwa kuwa sasa mwandishi huweka makala yake katika intaneti na mtambo humletea matangazo. Ni kweli. Google ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2003, na anayeanza huweza kuingia bila kubisha hodi dukani. Lakini malipo hayatoki mpaka hesabu yake ifike dola 100, na mwandishi mwenye wasomaji mia mbili hungoja sana. Hapana Haji atakayemwamuru afute makala. Ila macho yakiwa ndiyo mshahara, hujikuta akiandika vichwa vya habari vya kunasa macho, na hakuna aliyemlazimisha.

Nimemtaja Haji, na yanipasa kueleza. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kuhakiki hadithi na mashairi. Hakuna aliyenifundisha kuhakiki tangazo. Somo hilo nililipata Buna, katika shule niliyokuwa nikifundisha, tulipoanzisha gazeti la wanafunzi katika ukame wa 2022. Lilikuwa la karatasi mbili, na gharama ya karatasi na wino tuliitafuta kwa matangazo mawili. La kwanza lilitoka kwa mwenye duka kubwa: "Kwetu utapata kila kitu." La pili lilitoka kwa fundi cherehani: "Nashona sare za shule. Nikichelewa siku moja, utalipa nusu."

Niliwapa wanafunzi maneno haya wayapime kama walivyopima mashairi. Waliona upesi kuwa "kila kitu" si kitu. Mmoja alikuwa amekwenda pale kutafuta chaki akarudi mikono mitupu. Lakini fundi alikuwa amesema kazi yake, akataja udhaifu ambao mafundi wote wanajulikana nao, akajiwekea adhabu mwenyewe. Nathubutu kusema kuwa hayo maneno tisa yalikuwa nathari bora kuliko zote katika toleo lile, pamoja na tahariri yangu.

Kwa toleo la tatu msichana wa darasa la nane aliandika juu ya bei ya maji. Mtungi ulikuwa ukipanda karibu kila wiki, na miongoni mwa wauzaji alikuwamo mwenye duka letu. Hakumtaja kwa jina. Haja ya jina haikuwapo. Buna ni mji mdogo.

Mwenye duka alinijia shuleni. "Mwalimu," akasema, "mimi nawalipia karatasi ili mnitukane?"

"Haji, hakuna jina lako pale."

"Basi ondoa, kama si mimi."

Yanipasa kukiri lililofuata. Usiku ule niliichukua kalamu nyekundu nikayalainisha maneno ya yule msichana: mahali pa "wanauza" nikaandika "yauzwa", ili muuzaji apotee ndani ya sarufi. Asubuhi alisoma, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, maji yanajiuza?" Nilimrudishia makala yake kama alivyoiandika.

Toleo la tatu lilitoka likiwa karatasi moja, nalo lilitoka siku yake. Makala ya maji ilikuwa upande wa kwanza. Upande wa pili lilikuwako tangazo la fundi, na kando yake mahali palipokuwa pa duka pameachwa wazi, mstari wa pembeni ukiwa umekwisha kuchorwa. Nilitaka pajazwe kwa picha ya ngamia. Wanafunzi walikataa.